SOMO: Kusafisha na kukagua dohani (bomba la moshi) kabla ya baridi ya Juni (kwa wenye faya plesi, Njombe, Mufindi, Lushoto na kwingineko)

Wakuu habari zenu. Naona watu wameshaanza kuagiza kuni na baridi bado haijakolea, nikasema niandike mapema maana kila mwaka simu zinaanza kuita Julai, mtu sebule imejaa moshi ndo anakumbuka kuna fundi. Hii kazi ukiwa na ngazi nzuri na bati lako halina mteremko mkali, sehemu kubwa unafanya mwenyewe. Ila watu wengi wanajua kusugua tu, kukagua hawajui, na nyumba inaungua kwa kile ambacho hakikukaguliwa.

Hatua ya 1. Moto uwe umezimwa tangu jana, ikibidi juzi. Majivu yanadanganya sana, juu baridi chini kuna kaa jekundu, kwa hiyo yachote kwa ndoo ya bati, sio ya plastiki, na uyaweke nje mbali na ukuta.

Hatua ya 2. Toa kapeti, tandika turubai, mdomo wa faya plesi uzibe kwa nailoni na selotepu pembeni zote, la sivyo mama mwenye nyumba hatakusamehe. Vaa barakoa na miwani na nguo za kutupa. Masizi sio vumbi la kawaida, huko Uingereza mwaka 1775 daktari Percivall Pott aligundua vijana waliokuwa wakitambaa ndani ya dohani wanapata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi, kwa hiyo ukimaliza oga, usikae nayo mwilini mpaka jioni.

Hatua ya 3. Chungulia kabla ya kusugua. Funga simu kwenye fimbo, washa tochi na video, ipandishe polepole. Mimi huku nakuta viota, majani, na nyuki (nyuki usishindane nao, ita mfugaji). Angalia pia masizi yako ni ya namna gani. Yakiwa unga mweusi, hayo ni mepesi. Yakiwa magamba yanayokatika kama chapati iliyoungua, utahitaji brashi ya waya na jasho. Yakiwa yanang'aa kama lami iliyomwagwa, acha, brashi haitayatoa na hayo ndo yanayoshika moto, tafuta fundi. Kwa kipimo, yakifika unene wa milimita 3 usiwashe tena mpaka usafishe.

Hatua ya 4. Sugua. Brashi iwe na upana sawa na njia ya moshi, fimbo za kuunganisha, unaenda juu chini mpaka usikie waya unagusa tofali. Kuna wanaoshusha jiwe limefungwa kamba, jamani acheni, mnapasua vigae vya ndani halafu moshi unapata njia ya kwenda kwenye mbao.

Hatua ya 5, na hapa ndo nataka mtulie. Panda darini na tochi, fuata dohani inapopita. Mbao yoyote isiiguse, mi naacha si chini ya sentimita 5. Ukiona doa jeusi kwenye tofali au kwenye mbao, hapo panavuja. Kuna nyumba moja ya zamani niliitwa kusafisha tu, nikapanda darini kwa mazoea, nikakuta kenchi (mbao zinazobeba paa) imeshaanza kuwa mkaa upande mmoja na wenyewe wanalala chini yake miaka yote. Ukiwa na wasiwasi, washa nyasi mbichi kidogo, mwenzio azibe juu kwa gunia lililolowa dakika chache, madirisha wazi, uone moshi unatokea wapi. Kisha juu ya bati angalia kofia, nyufa za saruji, na urefu: sentimita 90 kutoka inapotobolea bati, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, la sivyo upepo unarudisha moshi ndani.

MASWALI

Fundi, nimesikia ukichoma maganda ya viazi dohani inajisafisha, kweli?
Hapana mkuu. Huku Njombe viazi vimejaa, ingekuwa kweli mi ningeshakosa kazi. Kinachosaidia ni kuni kavu. Miwati au mkaratusi, pasua kwanza halafu anika sehemu yenye paa na upepo, si chini ya miezi 6. Kuni mbichi moshi wake unapoa njiani unaganda kuwa ile lami.

Mi napanga, mwenye nyumba kaziba dohani juu kwa bati sababu ya mvua, tunaweka jiko la mkaa humo ndani ya faya plesi. Kuna shida?
Dada yangu, litoe leo, usisubiri kesho. Mkaa hautoi moshi ila unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani. Mkiamka vichwa vinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, sio malaria hiyo. Mwenye nyumba aweke kofia, mvua haiingii na moshi unatoka.

Moto ukishika ndani ya dohani nafanyaje?
Utasikia mngurumo kama lori linapanda mlima. Toa watu wote nje, piga 114. Kama unafika salama funga dampa (kile kifuniko cha njia ya moshi) na milango ya hewa. Maji usimwage, tofali la moto litapasuka. Na ukishazimika usiwashe tena hata kama panaonekana pazima, mpaka pakaguliwe.

Mara ngapi kwa mwaka?
Mara moja, Aprili au Mei. Unayewasha kila siku, mbili.

Na ngazi yangu ni ya mbao, ina kidaraja kimoja kimelegea?
Usipande ndugu. Azima ya jirani.