Nani ameshika mpira?

Kabla hatujamgeuza mtoto mwenye mpira wa kupumulia, yaani bomba linalopita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa na kuunganishwa na mashine, nauliza kwa sauti: "Nani ameshika mpira?" Asipojibu mtu, hatumgusi. Wauguzi wanaoanza kazi kwetu hapa Mtwara hunishangaa siku mbili za kwanza. Ya tatu wanauliza wao.

Swali hili lilinijia kwa uchungu. Zamani, katika hospitali nyingine, nilikuwa natandika shuka chini ya mtoto wa miaka 4 aliyepandwa na malaria kichwani. Ilikuwa usiku, niko peke yangu. Nilimvuta kuelekea kwangu, kumbe mirija ya mashine imenasa kwenye chuma cha kitanda. Nikasikia kilio chembamba. Mtoto ambaye mpira wake uko mahali pake halii kwa sauti, maana umepita katikati ya nyuzi za sauti. Kabla hata mashine haijapiga kelele, nilishajua.

Tangu hapo nimeona mipira mingi ikichomoka. Wapo watoto walioivuta wenyewe, lakini mara nyingi mikono yetu ilikuwa pale kitandani: tunageuza, tunapima uzito, tunaweka sahani ya eksirei, tunabadilisha plasta. Kwa hiyo, wadogo zangu, kazi hizo zifanywe na watu wawili au watatu, na mmoja wao ashike mpira pale unapotokea mdomoni, vidole vikiwa vimeegemea shavu la mtoto. Huyo hana kazi nyingine. Asiombwe kupitisha mkasi wala kuinua mguu. Mirija ya mashine ilegezwe kwanza ili imfuate mtoto, isimvute.

Kichwa nacho kina mambo yake. Kwa mtoto mchanga, njia ya hewa kutoka chini ya koo hadi inapogawanyika kwenda mapafu mawili ina sentimita 4 au 5 tu. Kidevu kikiinuka, mpira unapanda. Kikishuka kifuani, unazama, na mara nyingi unaingia pafu la kulia peke yake. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye mpira, pale unapogusa mdomo, ni ya kuandikwa kwenye faili na kwenye karatasi juu ya kitanda. Kwa mtoto aliyevuka mwaka tunakadiria hivi: gawa umri kwa 2, ongeza 12. Wa miaka 4 anapata sentimita 14. Hayo ni makadirio. Namba ya kushika ni ile iliyothibitishwa kwa kusikiliza mapafu pande zote mbili na kwa eksirei. Wakati wa kukabidhiana zamu, anayeondoka na anayeingia waisome pamoja, macho yote mawili kwenye mpira, si kwenye faili.

Sasa plasta. Mama zetu wanawapaka watoto mafuta ya nazi, na joto la pwani linaongeza jasho. Ukibandika juu ya hayo, hadi alfajiri plasta inateleza kama imebandikwa kwenye sahani. Osha mashavu na juu ya mdomo kwa sabuni kidogo na maji, kausha kwa shashi hadi ngozi isiteleze tena chini ya kidole. Kata plasta mbili, kila moja uipasue mithili ya suruali. Kiuno kinakaa shavuni, mguu mmoja unapita juu ya mdomo, wa pili unauzungushia mpira. Plasta ya pili inatoka shavu la upande mwingine. Mate yakiilowesha, badilisha siku hiyo hiyo, mkiwa wawili.

Mtoto anayehangaika usikimbilie kumfunga mikono. Angalia kama dawa ya usingizi au ya maumivu imeisha nguvu, kama nepi imelowa, kama kikohozi kinataka saksheni, yaani kufyonza makohozi. Mwite mama yake asogee aongee naye kwa lugha ya nyumbani. Nimeona mapigo ya moyo yakishuka kwenye monita kwa sauti hiyo tu.

Mpira ukichomoka, usiusukume urudi ndani. Dalili ni kilio, kifua kisichoinuka, tumbo linalojaa, alamu ya mashine, oksijeni ya damu inayoshuka. Ukiwa umetoka nusu na kifua hakiinuki, toa hewa kwenye puto dogo la ncha yake kama unalo, kisha utoe wote. Piga kelele ya msaada. Chukua ambubagi (mfuko wa kumpulizia hewa kwa kubana kwa mkono) iliyounganishwa na oksijeni, ambayo inatakiwa iwe kichwani mwa kitanda kila siku, ikiwa na maski ya kumtosha mtoto huyo. Mtoto mdogo muwekee kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, uso utazame dari. Maski ifunike pua na mdomo, isiguse macho. Bana hadi kifua kiinuke tu, achia, pumzi moja kila sekunde 2 hadi 3. Ukibana kwa hofu unajaza tumbo. Mwenzako afungue mpira wa kulishia, ule unaoingia tumboni, ili hewa itoke. Mapigo yakiwa chini ya 60 kwa dakika na mtoto hana rangi ingawa hewa inaingia vizuri, anzeni kukandamiza kifua, 15 kwa pumzi 2.

Daktari akifika akute saksheni inavuta, taa ya laringoskopu (kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuweka mpira) inawaka, na mipira miwili: wa saizi ile ile na wa nusu saizi chini. Wakati mwingine mpira mpya hautahitajika. Yule mtoto wangu wa usiku ule alipumua mwenyewe, tukamwachia oksijeni ya puani na kumkalia macho hadi asubuhi. Mama yake nilimfuata kwenye mkeka wake nje ya wodi, nikachuchumaa, nikamwambia: "Mama, mpira umetoka nikiwa namgeuza mimi. Anapumua. Njoo umwone."