Unaenda Lisbon na unataka kutembezwa? Angalia haya kabla hujalipa

Jamani watu wetu wengi sasa hivi wanapita Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huyu anaenda kwa dadake, yule ana siku mbili za kusubiri ndege, na swali ni lile lile, nichukue matembezi gani. Mi nawaambia kabla ya bei ulizia kwanza utaenda kusimuliwa nini. Sisi wa pwani Mreno hatukumsoma vitabuni tu, Fort Jesus walianza kuijenga 1593 na iko pale hadi leo, nguzo ya Vasco da Gama iko Malindi, na mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida zilipora Kilwa zikaja kuichoma Mombasa, na meli hizo zilitoka mji huo huo unaoenda kupiga picha.

Matembezi mengi yatakupeleka mtaa wa Belém kwenye monasteri (nyumba ya watawa) ya Jerónimos, jengo zuri ajabu, mawe yamechongwa kama kamba na matumbawe, na ndani ya kanisa lake ndiko kaburi la Vasco da Gama. Ujenzi ulianza 1501 na sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Asia. Mara yangu ya kwanza nilienda na kundi kubwa, la bei rahisi, tukasimama mbele ya kaburi lile mtembezaji akataja Ureno akataja India basi, Malindi hakuigusa kabisa, wakati 1498 ni Malindi ndiko da Gama alikopewa rubani wa kumvusha bahari. Iliniuma sana. Kwa hiyo siku hizi kabla sijalipa namwandikia mtembezaji mwenyewe ujumbe, je utazungumzia utumwa, utazungumzia Afrika Mashariki, na jibu lake tu linanitosha kuamua. Yapo pia matembezi yanayosimulia historia ya Waafrika wa Lisbon, hayo mi ndio ningeanza nayo.

Matembezi yale yanayoitwa ya bure si ya bure, mtembezaji anaishi kwa tipu na mwisho wa safari kila mtu anatoa kitu, wengi huacha kama euro 10 mpaka 15 kwa kichwa, sasa mkiwa familia ya watu watano piga hesabu mapema na uwe na pesa taslimu mkononi. Uliza pia kundi ni la watu wangapi, wakizidi 20 mtu wa nyuma hasikii kitu.

Halafu miguu. Hapa naomba unisikilize maana ndipo watu wanapoharibikiwa. Lisbon ni milima na ngazi, na njia za waenda kwa miguu zimewekwa vijiwe vyeupe vidogo ambavyo vimeshasuguliwa na miaka, mvua ikinyesha panateleza kama sabuni. Vaa raba zenye meno, viatu vipya viache nyumbani. Ukiwa na mama au mzee mwenye maumivu ya magoti usimchukulie matembezi ya mtaa mkongwe wa Alfama ya muda wa saa tatu kwa miguu hata kama bei ni nzuri, bora umpandishe bajaji, ndio, bajaji zipo kibao kule za watalii, ila mkubaliane bei kabla hamjapanda na uhakikishe ni ya chombo kizima si ya kila mtu.

Alfama yenyewe lakini usiikose. Ni vichochoro vya kujikunja kama vya Lamu, na hata jina lake ni la Kiarabu, linatokana na chemchemi za maji moto, neno la ukoo mmoja na hamamu letu, kwa sababu Waislamu walitawala pale hadi 1147. Ukishuka chini mtaa wa Baixa barabara ghafla zinanyooka kama zimepigwa rula, na sababu ni tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa watu, mji ukaanguka, bahari ikaingia, moto ukamalizia. Kanisa la Carmo mpaka leo halina paa. Ukilijua hili kabla utauelewa mji mzima hata mtembezaji akiwa anakimbia.

Jumatatu monasteri inafungwa, usipange Belém siku hiyo. Tiketi nunua mtandaoni uchague saa ya kwanza asubuhi, foleni ya pale ikishashika jua ni mateso hasa Julai na Agosti. Tramu namba 28 ni nzuri ila vibaka wanaipenda kuliko watalii, begi liwe mbele kifuani na simu isikae mfuko wa nyuma. Wale vijana wa Baixa wanaokunong'oneza wakuuzie bangi pita tu usisimame. Mkate na zeituni vinavyowekwa mezani hujaagiza vinalipiwa, kama hutaki sema mapema virudishwe. Chaja zetu za pini tatu za Kenya na Tanzania haziingii kule, beba adapta ya pini mbili za mviringo, na hotelini kuna kodi ya mji euro 4 kwa mtu kwa usiku juu ya bei uliyoona.

Na kuna mtaa mmoja unaitwa Rua do Poço dos Negros, maana yake kisima cha weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel I aliamuru lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa, na jina la mtaa ndilo linalobeba habari hiyo. Matembezi mengi hayapiti huko kwa hiyo mwulize mtembezaji kabla, na akisema hapana nenda mwenyewe asubuhi na mapema, simama kidogo, waombee, kisha shuka kwa miguu mpaka Santos upande tramu namba 15, hiyo ndio inayokwenda Belém.