Kufufua trekta dogo la bustani la zamani: injini kwanza, rangi ingoje

Ukishapata trekta dogo la bustani la miaka ya 1960, mikono huwasha kutaka msasa na rangi. Nakusihi uvumilie. Trekta lililopakwa rangi ya kung'aa huku injini imekwama ni pambo zito la uani, na rangi yenyewe itachubuka siku utakapolazimika kufungua bolti zile ulizozipaka. Kazi hii naifanya nyumbani, kwenye banda lenye jiliwa, jeki, stendi mbili imara na taa nzuri, na siku zote naanzia kwenye injini.

Mfano wangu ni Cub Cadet 100, trekta ambalo kampuni ya International Harvester ya Marekani ililitengeneza kuanzia 1963 hadi 1965. Nimelichagua kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono. Lina injini ya Kohler K241: silinda moja, nguvu za farasi 10, ujazo wa takriban sentimita za ujazo 390, vali zikiwa ubavuni mwa silinda badala ya juu yake. Wheel Horse nyingi na John Deere 110 za wakati huo zilifungwa Kohler za ukoo huohuo wa K, kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa yatakufaa hata kama lako ni jingine.

Kabla ya spana yoyote, piga picha. Piga kila upande, kila waya unakopita, kila springi imeshikwa kwenye tundu lipi. Springi ya gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya injini) hasa: mkono wake una matundu kadhaa, na ukiirudisha kwenye tundu lisilo lake, mwendo wa injini hautatulia. Kisha tafuta kibati chenye namba za injini, kisugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uandike kila kilichomo. Namba hizo ndizo zitakazokupatia kitabu sahihi cha ufundi na vipuri sahihi. Usikipake kibati hicho rangi kamwe.

Injini iliyolala miaka mingi

Usiunge betri ujaribu kuiwasha. Hilo ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Ringi za pistoni zilizoshikana na ukuta wa silinda kwa kutu zinaweza kuvunjika pindi starta inapozilazimisha, na konrodi (mkono unaosukumwa na pistoni kuzungusha injini) ya injini hizi ni ya aluminiamu, haipendi kulazimishwa. Fungua plagi, mulika tochi ndani ya tundu, kisha jaribu kuzungusha flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, kwa mkono.

Ikizunguka, shukuru, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi na uendelee. Ikigoma, changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, umimine ndani. Asetoni hushika moto upesi, basi fanya hivyo mahali penye hewa na mbali na cheche. Asetoni haichangamani vizuri na oili, kwa hiyo tikisa chupa kila unapomimina. Acha dawa ifanye kazi usiku kucha, jaribu tena asubuhi kwa kusukuma flaiwili mbele na nyuma kidogo kidogo, ongeza dawa, acha tena. Injini nyingi hulegea kwa subira ya namna hii. Ukihisi imesogea hata kwa upana wa ukucha, usiharakishe. Irudishe ilikotoka, isogeze tena, mpaka mwendo uwe mrefu.

Isipolegea, fungua hedi. Uzuri wa injini yenye vali za ubavuni ni kwamba hedi ni kifuniko tu: ukitoa bolti zake unaiona pistoni, unaziona vali, unauona ukuta wa silinda. Sugua kwanza mkanda wa kutu ulioko juu ya pistoni, kwa msasa laini wenye mafuta. Kisha weka kipande cha mbao ngumu kinachokaribia upana wa silinda na ugonge kwa nyundo ya mpira, mapigo mepesi, ukimwagia mafuta pembeni. Usigonge pistoni kwa chuma. Kama vali imeganda ikiwa wazi, lowesha shina lake na uizungushe kwa vidole hadi ikubali kushuka.

Sasa fungua bati linaloelekeza upepo kuzunguka silinda. Hapa ndipo watu wengi hupapita, nami nadhani ndipo injini hizi zinapouawa. Hazina maji ya kupoza. Flaiwili ina mapezi yanayosukuma hewa chini ya bati hilo, hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda na kuondoka na joto. Trekta lililokaa bandani ni nyumba ya panya. Utakuta majani, manyoya, nyuzi za magunia, vyote vimeshindiliwa mahali hewa inapopaswa kupita. Ukiiwasha hivyo, itaunguruma vizuri kabisa, huku upande wa vali ya kutolea moshi ukichemka mpaka kiti chake kilegee au gasketi ya hedi iungue. Vaa barakoa na glavu, lowesha uchafu huo kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuugusa, kisha chokonoa kila upenyo mpaka uone mwanga upande wa pili.

Mwaga oili ya zamani kwenye chombo cheupe na uiangalie juani. Oili nyeusi ni ya kawaida. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Ikimetameta vumbi la rangi ya fedha, fungua sehemu ya chini ya injini uikague konrodi, maana injini hii haina pampu ya oili: kijiko kidogo kilichoko chini ya konrodi ndicho kinachorusha oili kila mahali. Oili ikipungua, kijiko hupiga hewa, na konrodi huwa ya kwanza kuumia.

Kama hedi iko wazi, pima silinda kwa chombo cha kupimia kipenyo cha ndani, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Kipimo cha kiwandani ni inchi 3.250, yaani milimita 82.5. Ikiwa imelika sana au imekuwa yai, mpelekee fundi wa mashine aichonge. Pistoni na ringi kubwa zaidi hupatikana kwa hatua za inchi 0.010, 0.020 na 0.030. Usinunue pistoni kabla ya fundi kukwambia hatua ipi itafaa. Vali zisage kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia mpaka uone mduara wa kijivu usiokatika. Gasketi ya hedi iwe mpya daima, na bolti zikazwe kwa torki renchi, kwa hatua, kwa mpangilio ulio kitabuni.

Cheche, petroli na umeme

Pointi za Kohler K, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, ziko nje ya injini, chini ya kifuniko kidogo, na husukumwa na kijiti kinachotoka kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali. Ni rehema kubwa, kwani huhitaji kung'oa flaiwili. Injini ikikosa cheche baada ya kulala muda mrefu, mara nyingi nyuso za pointi zimepata ukungu tu. Zikwangue kwa msasa laini, kisha pitisha karatasi safi katikati yake kuondoa mafuta. Nafasi yake, zikiwa zimeachana kabisa, ni inchi 0.020, sawa na nusu milimita. Ukitaka kuwa na uhakika wa majira ya cheche, zungusha flaiwili hadi alama ya herufi S itokee kwenye tundu la kuchungulia: pointi zinapaswa kuanza kuachana hapohapo. Multimeta itakuonyesha wakati huo vizuri kuliko macho.

Kabureta ina sindano mbili za kurekebisha. Kabla ya kuzitoa, zifunge taratibu ukihesabu mizunguko hadi ziguse, uandike, ndipo uzitoe. Ukizikaza kwa nguvu, ncha zake hupata mfereji na kabureta haitakubali tena kutulia. Loweka kabureta kwenye dawa yake, pitisha hewa, na tundu lililoziba lizibue kwa uzi mwembamba wa shaba. Keekee marufuku, kwa sababu matundu yale yamepimwa.

Tangi lenye kutu lisafishe kwa kutia kipande cha mnyororo mdogo, maji na sabuni, ulitikise kwa nguvu, umwage, urudie mpaka maji yatoke safi, kisha ulikaushe kabisa. Usilichomelee tangi lililowahi kubeba petroli, hata kama unaliona limekauka, kwa kuwa mvuke unaobaki hulipuka. Mipira ya petroli na chujio weka vipya bila kujadili.

Kwenye umeme, trekta hili lina kifaa kimoja kinachofanya kazi mbili: kinawasha injini, kisha chenyewe kinageuka kuwa jenereta ya kuchaji betri. Kikishakaa bila kazi au kikifunguliwa, hupoteza kumbukumbu ya upande chanya na hasi. Baada ya kuunga betri na kabla ya kuwasha injini, chukua waya na ugusishe mara moja tu, kufumba na kufumbua, kati ya nguzo ya betri na nguzo ya jenereta kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri. Utaona cheche ndogo. Usipofanya hivyo, injini itawaka na betri haitachaji, nawe utaanza kulaumu regyuleta nzima isiyo na kosa.

Mwendo, kutu na rangi

Cub Cadet hizi hazitumii mkanda kupeleka nguvu nyuma, bali shafti ya chuma yenye klachi katikati. Pini zake hushikwa na kutu. Zipe dawa siku kadhaa, zipashe moto, kisha zigonge kwa tindo ya kipimo chake kamili. Vitambaa vya klachi na breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto: vifute kwa kitambaa kibichi, usivipulize kwa upepo wa kompresa. Oili ya giaboksi ikiwa imechanganyika na maji, badilisha yote na sili zake.

Kwa vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu napenda njia ya umeme. Beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti) kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne, na chaja ya betri. Hasi ya chaja ungia kwenye kipande unachosafisha, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, na viwili hivyo visigusane. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kwa maana hutoa sumu ya kromiamu majini, wala usitie aluminiamu, itaharibika. Fanya nje, kwa sababu hewa inayofoka ni haidrojeni. Kutu huondoka, chuma kizima kinabaki, hata herufi zilizogongwa kiwandani zinasomeka.

Rangi sasa. Ile ya zamani huenda ina risasi, basi usiisugue kavu. Tumia msasa wa maji, barakoa, na watoto wakae mbali. Praima, kisha njano na nyeupe za asili, tabaka nyembamba nyembamba. Sehemu ambayo rangi ya kiwandani bado ipo na ni nzima, mimi huisafisha tu na kuiacha.

Siku ya kuwasha, toa trekta nje, weka kizima moto karibu, na hakikisha swichi ya kuzima inakata kweli. Tia oili ya SAE 30 hadi alama. Moshi wa bluu mwanzoni ni ile oili uliyomimina silindani, utaisha. Usiichezee gavana ili upate kasi zaidi: mwisho wake ni mizunguko 3,600 kwa dakika. Baada ya saa chache za kwanza za kazi mwaga oili ingali ya moto, uweke mpya. Injini ikishapoa kabisa, kaza tena bolti za hedi kwa kipimo cha kitabu, kisha pima nafasi ya vali: ya kuingiza hewa inchi 0.008 hadi 0.010, ya kutolea moshi 0.017 hadi 0.019.