Daftari Moja la Biolojia na Saikolojia

Muhula wa kwanza nilikuwa na madaftari mawili: la kijani la biolojia ya kampasi ya Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na jekundu la saikolojia ya kampasi kuu. Nilipotoka maabara na kushika njia ya Museum Hill kuwahi mhadhara, nililifunga lile la kijani hata kichwani. Wiki ya mtihani ndipo nikagundua kuwa nimekariri kotisoli, homoni ya mkazo, mara mbili, kila mara kama kitu kigeni. Mdogo wangu unayeanza mwaka huu, nunua daftari moja nene.

Kila wiki chagua tabia moja na uipe kurasa mbili zinazotazamana. Chukua hofu: matatu imekupigia honi mgongoni ukivuka pale mzunguko wa Globe. Ukurasa wa kushoto andika mwili: amigdala (sehemu ya ubongo inayoshtukia hatari), haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayoamuru homoni), tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo, adrenalini inayomwagika papo hapo na kotisoli inayofuata baada ya dakika kadhaa. Kulia andika nafsi: kwa nini aliyewahi kugongwa na bodaboda anaruka kuliko mwenzake? Amejifunza nini, anakumbuka nini, anaitafsirije ile honi? Kisha chora mishale kutoka ukurasa huu hadi ule. Usipojua mshale uende wapi, umepata swali la kumpelekea mhadhiri.

Chini ya kurasa hizo jibu maswali manne aliyoyapanga Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, mwaka 1963: tabia hii inasababishwa na nini sasa hivi, inakuaje tangu utotoni, inamsaidiaje mnyama kuishi na kuzaa, na imetoka wapi katika mageuko?

Ubongo usiusome kwenye picha tu. Nenda soko la Burma asubuhi, umwambie muuza nyama kwamba unasomea, akupasulie kichwa cha mbuzi polepole asiuponde ubongo. Vaa glavu. Uweke kwenye friza saa moja au mbili ugande kidogo, maana ukiwa mbichi huvurugika kama uji mzito. Ukate katikati kwa kisu kikali. Nyuma, ndani ya serebela (ubongo mdogo wa nyuma), utaona mistari myeupe iliyotawanyika kama matawi ya mti. Mbele, kwa chini, kuna vivimbe viwili vya kunusia, vikubwa kwa ubongo mdogo kiasi hicho. Mbuzi anaijua dunia kwa pua.

Kisha itafute hipokampasi, sehemu inayotunga kumbukumbu mpya, imejikunja kama pembe chini ya gamba la ubongo. Mwaka 1953, Henry Molaison wa Marekani alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, pande zote mbili, ili kutuliza kifafa. Utoto wake aliukumbuka, lakini mtu aliyekutana naye leo, kesho alikuwa mgeni kwake. Niliposhika kile kipande kwenye ncha ya kisu, kidogo hivyo, niliacha kukata, nikakaa chini. (Mabaki yafukie. Usiyarudishe jikoni.)

Takwimu huwatisha wengi, na ni kwa sababu tunafundishwa mara mbili kwa majina ya kozi tofauti. Ishike kai-skwea, kipimo cha kuona kama hesabu uliyopata iko mbali mno na uliyotarajia, mara moja tu. Mendel, yule mtafiti wa urithi, alihesabu mimea ya njegere 705 ya maua ya zambarau na 224 ya maua meupe. Kwa uwiano wa 3:1 tungetarajia 696.75 na 232.25. Ukikokotoa unapata 0.39, chini sana ya kikomo cha 3.84, kwa hiyo tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu. Sasa nenda City Park Jumamosi, uhesabu kima wanaochuma majani kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kisha upige hesabu ileile, safari hii ukitarajia nusu kwa nusu. Usiwape chakula; utakuwa umeibadilisha tabia uliyokuja kuipima.

Ukizoea, soma utafiti wa Robert Sapolsky, mwanabiolojia Mmarekani, kuhusu nyani wa eneo la Maasai Mara, alioanza mwaka 1978. Aliwachoma sindano ya usingizi, akapima damu yao, na miezi kwa miezi akaandika nani anampisha nani. Vyeo vilipokuwa vimetulia, madume wa chini ndio waliokuwa na kotisoli nyingi zaidi. Damu kushoto, cheo kulia. Kwenye kurasa hizo mbili mimi nilichora mishale saba, na miwili bado sijaimaliza.