Kuinasa droni kwa mpira: tafuta muda kwanza

Kundi la wanafunzi likipewa mradi wa kuzuia droni angani, kwanza hukimbilia kujenga kirushio. Ningependa waanze na karatasi. Droni haipigwi pale ilipo, hupigwa pale itakapokuwa mpira ukifika. Kwa hiyo tafuta muda, pembe itafuata.

Pima kasi ya mpira kwa video ya simu yenye picha 240 kwa sekunde, ukiweka rula ndefu nyuma ya njia yake. Mpira ukisogea sentimita 8 na ushei kutoka picha moja hadi nyingine, kasi yake ni karibu mita 20 kwa sekunde.

Tuseme droni iko mita 10 mbele na mita 6 juu ya mdomo wa kirushio, na inatokomea mbele kwa mita 3 kwa sekunde bila kupanda wala kushuka. Baada ya muda t itakuwa umbali wa 10 + 3t. Ndani ya muda huohuo graviti itauvuta mpira chini kwa 4.9t², basi ulenge juu kwa 6 + 4.9t². Kwa kanuni ya Pythagoras:

(10 + 3t)² + (6 + 4.9t²)² = (20t)²

Usihangaike na aljebra. Jaribu thamani kwenye lahajedwali: 0.7 haitoshi, 0.76 imezidi kidogo, na jibu ni karibu sekunde 0.755. Tanjenti ya pembe ni 8.79 ÷ 12.27, yaani nyuzi 35.6. Anayeilenga droni moja kwa moja atatumia nyuzi 31, na mpira wake utapita zaidi ya mita moja chini yake.

Sasa hewa, na hapa ndipo nataka mtumie muda mwingi. Mpira wa tenisi una gramu 58 hivi na kipenyo cha sentimita 6.7. Kwa kasi ile, ukinzani wa hewa hukaribia robo tatu ya uzito wake! Mpira wa sponji, kwa wepesi wake, huathirika zaidi. Parabola, yaani njia ya mpira usiozuiwa na hewa, aliyoichapisha mwanasayansi Galileo mwaka 1638 haitoshi tena. Gawanya safari katika hatua za sekunde 0.01: kila hatua kokotoa ukinzani, unaokua kwa mraba wa kasi, rekebisha kasi, kisha sogeza mpira.

Halafu kuna ucheleweshaji kati ya kamera inayoiona droni na mota ya kirushio. Sekunde 0.2 tu ni sentimita 60 za mwendo wa droni. Washa taa ndogo mbele ya kamera ya mfumo, rekodi taa na mota pamoja kwa simu, uhesabu picha zilizo katikati. Jumlisha muda huo kwenye mwendo wa droni, si kwenye mwendo wa mpira.

Kwa majaribio, vuta kipande cha povu kwenye waya. Vaeni miwani ya kinga, na asisimame mtu upande wa shabaha. Droni halisi msiiguse: nchi nyingi huihesabu kuwa chombo cha anga, na betri yake ya lithiamu ikitoboka huweza kuwaka.

Weka alama kila mpira unapopita. Alama zikijikusanya upande mmoja, rudi kwenye hesabu ya hewa au ucheleweshaji. Zikitawanyika ovyo, kirushio hakitoi kasi ileile kila mara, na hapo ndipo bisibisi inapohitajika.