Umefukuzwa kazi kisa umegombana na mfanyakazi mwenzio mtaani? Fanya hivi

Ndugu yangu, kama mlizinguana Jumamosi usiku kwenye nyama choma pale Nkuhungu, Dodoma, Jumatatu ukapewa barua ya kuachishwa, usikubali kusaini kitu hujakisoma. Hata ukiambiwa "saini tu upewe hela yako", omba kopi uondoke nayo.

La kwanza angalia tarehe ya barua maana una siku 30 tu kupeleka mgogoro CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Dodoma ofisi ipo, watu wengi wanapoteza haki yao hapo wanasubiri bosi apoe hasira. Unajaza fomu namba 1, kopi moja unampelekea mwajiri, akipokea agonge muhuri au asaini, ndo unawasilisha na ushahidi huo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri awe na sababu ya msingi na afuate utaratibu, na kuthibitisha ni kazi yake yeye sio yako. Kwahiyo jiulize, uliitwa kwenye kikao ukajitetea? Ugomvi ulihusiana vipi na kazi? Ila kama ulivaa yunifomu ya kampuni au ulimtishia mwenzio kuhusu mambo ya kazini, hapo mwajiri ana pa kushika, nakwambia ukweli.

Mashahidi watafute mapema, hata yule mchoma nyama, na meseji za simu usifute hata moja. Kama hujafikisha miezi 6 kazini, kinga hii ya sheria ya kutoachishwa bila sababu ya msingi kwa kawaida haikuhusu.

Na mwenzio usimfuate kwake.