Kusimamia kurasa za wateja peke yako: ruhusa kwanza, programu baadaye

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoingia kwenye kazi hii ya kusimamia kurasa za mitandao ya kijamii za wateja ni "ninunue programu gani?" Juzi kaniuliza tena dada mmoja aliyepata mteja wa pili. Nilipomwomba anionyeshe anavyofanya kazi, nikakuta nywila za Instagram za wateja wote wawili zimekaa kwenye meseji za WhatsApp, kapsheni ziko kwenye simu, na picha za kazi zimechanganyika na zake za nyumbani. Hakuna programu ya kulipia ambayo ingemtoa hapo. Haya ndiyo tuliyoyapanga upya, kwa mpangilio uleule tuliofuata.

Hatua ya 1: Akaunti zako mwenyewe

Fungua barua pepe ya kazi pekee. Weka programu ya kutunza nywila. Mimi natumia Bitwarden kwa sababu toleo lake la bure linatosha mtu mmoja. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa apu badala ya SMS, na zile namba za akiba (za kuingilia pale apu isipopatikana) zihifadhi nje ya simu yako, maana simu ikipotea ndipo utakapozihitaji.

Hatua ya 2: Ruhusa

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usipokee nywila ya mteja, hata akikusihi kwamba ndiyo njia rahisi. Ukiingia kwa nywila yake, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake wakati yeye yuko kikaoni. Mtandao unaona kifaa kigeni na unaweza kuifunga akaunti kwa muda. Na siku akaunti ikidukuliwa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni wewe.

Kwa Facebook na Instagram, pitia potifolio ya biashara ya Meta, kampuni yenye mitandao hiyo miwili. Potifolio ni mahali pamoja pa kusimamia kurasa na akaunti za biashara, ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Business Manager. Mteja awe na yake, nawe uwe na yako. Zote zinafunguliwa bure kwenye business.facebook.com. Wewe ingia kwenye mipangilio ya potifolio yako, nakili namba ya utambulisho wa biashara, umtumie. Yeye afungue mipangilio ya potifolio yake, aende sehemu ya washirika, achague kumpa mshirika ruhusa, abandike namba yako, kisha achague anachokukabidhi: ukurasa wa Facebook, akaunti ya Instagram, na akaunti ya matangazo kama utasimamia matangazo ya kulipia.

Sehemu hiyo ya washirika ina milango miwili: mmoja wa kumpa mshirika vitu vyako, mwingine wa kumwomba vyake. Mteja akipita mlango usio wake atakuambia tu "imegoma". Ndiyo maana mimi hulifanya zoezi hili tukiwa tunaongea, naye ameshiriki skrini.

Akishamaliza, usishtuke usipouona ukurasa. Ruhusa imefika kwenye potifolio yako, haijafika kwako wewe kama mtu. Rudi kwenye mipangilio yako, utafute ukurasa ule kwenye orodha, ujiongeze mwenyewe na uchague kazi utakazofanya. Hatua hii ndogo haimo kwenye maelekezo mengi, na ndiyo inayowafanya watu warudi kuomba nywila.

Kiwango cha ruhusa: maudhui, meseji na maoni, takwimu. Matangazo ukiyahitaji. Udhibiti kamili abaki nao mteja, tena ningependa wawe watu wawili kwake, ili mmoja akifungiwa akaunti yake binafsi biashara isikwame.

Wapo wateja wasiotaka kufungua potifolio na watakuambia "weka tu kwako." Kataa kwa upole. Ukurasa mmoja humilikiwa na potifolio moja tu. Ukiuingiza kwako kama mmiliki, siku mkiachana itabidi uuachie, na kama mnadaiana malipo hapo hakuna atakayeamini nia yako. Mfungulie potifolio akiwa amekaa pembeni, kwa akaunti yake yeye.

Kwa Instagram kuna la ziada. Akaunti iwe ya kitaalamu, yaani ya biashara au ya mtengeneza maudhui, kwa sababu programu za nje haziwezi kuposti moja kwa moja kwenye akaunti binafsi. Kisha iunganishwe na ukurasa wa Facebook wa mteja huyohuyo. Kabla ya kuigeuza kuwa ya biashara, mwambie mteja kwamba maktaba ya nyimbo itapungua. Kama rili zake zote zinategemea nyimbo zinazovuma, ni bora alijue mapema kuliko kukulaumu baadaye. (Biashara kutumia wimbo wa msanii bila leseni ni hatari hata pale apu inapouruhusu, lakini hilo mwandikie kwenye barua pepe, usilimalize kwa mdomo.)

Sasa mkwamo wenyewe unaokula siku nzima. Umeunganisha kila kitu, unafungua programu ya kupanga posti (ile inayozitoa yenyewe saa uliyoiwekea), inakuonyesha ukurasa wa mteja wa kwanza tu. Wa pili hayumo. Unatoa, unaunganisha tena, hayumo. Wengi hapa huanza kubadilisha nywila, na hapo wanazidi kuharibu.

Chanzo mara nyingi ni hiki: ulipounganisha programu mara ya kwanza, Facebook ilikuuliza iiruhusu kwenye kurasa zipi, ukaweka tiki kwenye ule mmoja uliokuwepo. Jibu lile limehifadhiwa. Kila unapounganisha upya, skrini inakuuliza kama uendelee na mipangilio ya awali, nawe unabofya endelea bila kusoma. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako binafsi ya Facebook, tafuta orodha ya miunganisho ya biashara, ifungue programu hiyo uangalie tiki zako. Ongeza ukurasa mpya, akaunti yake ya Instagram, na potifolio kama imetajwa. Isipokubali kuhaririwa, iondoe kabisa na uunganishe upya, na safari hii chagua kuhariri mipangilio badala ya kuendelea.

Tahadhari: ukiiondoa, unawakata wateja wote kwa wakati mmoja, na posti iliyopangwa kutoka katika dakika hizo haitatoka. Fanya wakati hakuna kitu kinachosubiri kutoka.

Ikiwa bado haionekani, kagua kwa mpangilio huu. Je, umejiongeza mwenyewe kwenye ukurasa ndani ya potifolio yako? Je, Instagram bado ni ya kitaalamu, au kuna mtu aliirudisha kuwa binafsi? Je, imeunganishwa na ukurasa upi hasa? Hili la tatu ni la kawaida kuliko unavyodhani: upo ukurasa wa zamani uliofunguliwa na mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na Instagram imeng'ang'ania huko. Aitoe mtu mwenye udhibiti kamili, kisha aiunganishe kwenye ukurasa sahihi. Mwisho, angalia kama potifolio ya mteja inalazimisha uthibitishaji wa hatua mbili nawe hujauwasha.

Na kumbuka kwamba muunganisho wote huu unashikiliwa na tokeni, yaani kibali cha kidijitali ambacho Facebook imeipa programu. Ukibadilisha nywila yako ya Facebook, tokeni inakufa na posti zilizopangwa zinabaki hapohapo. Siku ukibadilisha nywila, unganisha upya siku hiyohiyo.

LinkedIn ni nyepesi: mteja anakuongeza kama msimamizi wa maudhui wa ukurasa, basi. YouTube ina ruhusa zake ndani ya YouTube Studio. Kwa TikTok, mwombe mteja aunganishe akaunti mwenyewe. Baadhi ya programu za kupanga posti hukuwezesha kumtumia kiungo akafanya hivyo bila kukupa nywila.

Hatua ya 3: Jedwali moja

Posti zote zipangwe kwenye jedwali moja. Najua kuna wanaopenda programu za kupanga kazi kama Notion, na Trello ina kadi zake nzuri. Mimi natumia Google Sheets na sibadiliki. Mteja hahitaji kufundishwa, inafunguka kwenye simu, na siku mkiachana unamkabidhi kitu anachoweza kukisoma.

Faili moja kwa kila mteja, mstari mmoja kwa kila posti. Safu zangu: tarehe na saa, mtandao, aina, kapsheni, kiungo cha faili, hali, kiungo cha posti iliyotoka. Safu ya hali iwe ya kuchagua, isiwe ya kuandika: wazo, rasimu, kwa mteja, imekubaliwa, imepangwa, imetoka. Rangi ukipenda.

Idhini itolewe ndani ya mstari huo. Mteja abadilishe hali mwenyewe iwe "imekubaliwa" au aandike maoni kwenye kisanduku. Idhini ya WhatsApp ni mtego: umemtumia picha tano, yeye kajibu kidole gumba kimoja. Kidole hicho ni cha picha ipi? Na ile ya nne aliyotaka bei ibadilishwe, alisema kabla au baada ya hicho kidole? Kwenye jedwali, historia ya mabadiliko inaonyesha nani alibadilisha nini na lini.

Majina ya faili yaanze na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mteja, aina na toleo: 2025-03-14_mteja_rili_v3. Folda inajipanga yenyewe. Neno "mwisho" lisionekane kwenye jina la faili hata siku moja, maana baada ya "mwisho" huja "mwisho2".

Hatua ya 4: Kutengeneza

Canva kwa picha, CapCut au unachokijua kwa video. Picha za kawaida pikseli 1080 kwa 1350, rili na stori 1080 kwa 1920. Tangu Januari 2025 gridi ya Instagram inaonyesha vijipicha virefu vya 3:4, kwa hiyo violezo vya zamani vya mraba vinafaa kuangaliwa upya. Kwenye rili, maandishi yakae katikati. Chini yatafunikwa na kapsheni na pembeni na vitufe.

Kapsheni iandike kwenye jedwali, usiandike ndani ya programu ya kupanga posti. Instagram inakubali herufi 2,200, LinkedIn 3,000, X 280 kwa akaunti isiyolipiwa. Andika upya kwa kila mtandao badala ya kukata mkia.

Hatua ya 5: Kupanga posti

Kama wateja wako wako Facebook na Instagram tu, Meta Business Suite, programu ya Meta yenyewe ya kupanga posti, inatosha na haina malipo. Wakiwa na LinkedIn au mtandao mwingine, anza na Buffer, ambayo mpango wake wa bure unachukua chaneli 3 (yaani akaunti au kurasa) na posti 10 zilizopangwa kwa kila chaneli. Hootsuite, programu nyingine ya aina hiyo, ilifuta mpango wake wa bure mwaka 2023, hivyo kwa anayeanza siioni sababu. Lipia programu pale tu gharama yake inapokuwa ndani ya bei unayomtoza mteja.

Kabla ya posti ya kwanza, kagua saa za eneo kwenye programu, kwenye jedwali, na kwa mteja. Zikitofautiana, tangazo la asubuhi litatoka watu wamelala.

Si kila kitu kinapangika. Rili yenye wimbo kutoka maktaba ya apu, au stori yenye kura na vibandiko, mara nyingi itabidi uimalizie kwa mkono kwenye simu. Kwa hizo, weka kikumbusho kinachokuletea faili na kapsheni saa ikifika. Nakili kapsheni kwanza, ndipo ufungue Instagram.

Jua pia kitufe cha kusitisha foleni ya posti zilizopangwa kiko wapi, kabla hujakihitaji. Ukitokea msiba mkubwa wa umma, au bidhaa ya mteja ikazua malalamiko, posti ya mzaha iliyopangwa wiki iliyopita haina habari. Itatoka tu.

Kila asubuhi, pitia posti za jana, chukua kiungo cha kila iliyotoka, bandika kwenye safu ya mwisho. Mstari usio na kiungo ni posti iliyokwama.

Hatua ya 6: Meseji na maoni

Mara mbili kwa siku, saa zilizotajwa kwenye mkataba. Bei, malalamiko na masuala ya kisheria vinakwenda kwa mteja bila kujibiwa.

Hatua ya 7: Ripoti

Ukurasa mmoja. Mteja anataka kujua posti zilileta nini, kwa hiyo weka lebo za UTM (maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonyesha mgeni ametokea wapi) kwenye kila kiungo kinachokwenda kwenye tovuti yake: utm_source, utm_medium, utm_campaign. Zote kwa herufi ndogo, daima. Google Analytics, inayohesabu wageni wa tovuti, huhesabu "Instagram" na "instagram" kama vyanzo viwili, nawe utabaki unajumlisha kwa kikokotoo. Kwenye jedwali tengeneza safu inayounganisha kiungo na lebo kwa fomula, mkono usiguse. Lebo hizi zisiwekwe kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenyewe, maana zitafuta chanzo halisi cha mgeni.

Takwimu zipakue kila mwezi uzihifadhi kwako, kwa sababu apu hazirudi nyuma milele na vipimo hubadilika. Instagram ilipofanya mitazamo kuwa kipimo kikuu mwaka 2024, ulinganisho na miezi ya nyuma ulivurugika. Ukikuta badiliko la namna hiyo, liandike chini ya jedwali la ripoti kwa sentensi moja, mteja asidhani namba zimepanda au kushuka kwa sababu ya kazi yako.

Hatua ya 8: Mkiachana

Mteja akuondoe kwenye washirika wake, ukurasa wa LinkedIn na YouTube Studio. Wewe tenganisha akaunti zake kwenye programu ya kupanga posti baada ya kuhakikisha hakuna posti inayosubiri, hamisha umiliki wa jedwali na folda, futa kilichobaki kwenye Bitwarden. Kisha mtumie barua pepe ukiorodhesha kila ulipotoka na tarehe, na umwombe athibitishe.